Paa la Fundi Tshibangu

Kazi yangu ni kuuliza mbao miaka yake. Nikisema hivyo watu wa Kolwezi hucheka, na wale wachokozi huuliza kama mbao hunijibu kwa Kiswahili au kwa Kifaransa. Nawaambia kwamba hunijibu polepole, jambo ambalo wao hawaliwezi. Basi hapo hunyamaza, na mimi naendelea na shughuli zangu.

Mti ninaouamini kuliko yote ni mulombwa, ambao kwingine huuita mninga. Mvua zikija hunenepa, kiangazi hulala, na kila mwaka huacha pete moja ndani ya shina. Mwaka wa mvua nzuri pete huwa pana. Mwaka wa ukame huwa nyembamba kama uzi. Nilikuwa nimetoboa miti mingi iliyo hai kuelekea Lubudi, kwa chuma chembamba chenye tundu ndani, mpaka nikaujua mpangilio wa pete za huku mwaka kwa mwaka, kurudi nyuma hadi kabla ya reli. Ukinipa boriti ya zamani, natafuta pete zake zinaangukia wapi katika mpangilio huo. Pete ya mwisho, ile iliyo chini kabisa ya gome, ndiyo ya mwaka ambao mti ulikoma kukua.

Mwaka 2008 Abbé Kabemba, paroko wetu, aliniita nitazame kapela ya zamani ya cité, mtaa wetu. Mapadri wa kwanza waliijenga kwa matofali mekundu, na sasa milipuko ya mashimo ya mgodi wa Mashamba ilikuwa imepasua kuta zake. Jimbo liliamua kwamba mbao za tangu mwanzo zisiguswe, na zilizowekwa baadaye ndizo zibadilishwe. Abbé mwenyewe alitaka vyuma vitupu.

"Mignonne, we ni mutoto ya hapa," aliniambia. "Sema tu yote imeoza. Tuweke fer, tupumuzike."

Nilimwambia nitasema imeoza nikiona imeoza. Akaguna akaenda zake kusikiliza maungamo.

Boriti za juu ya waumini hazikunipa taabu. Zilikuwa nzee na ngumu, kazi ya msimu mmoja. Kilichonisimamisha ni paa la sakristia, chumba cha nyuma ambamo padri huvalia. Mbao zake zilikuwa changa zaidi, na kila kiungo kilichongwa kinyume na vile nilivyozoea kuviona, kama kazi iliyotazamwa kwenye kioo. Fundi wake alitumia mkono wa kushoto, hilo lilikuwa wazi.

Nilikuwa juu ya ngazi nikipangusa vumbi pale mama mmoja wa makamo alipoingia na kusimama chini yangu, mkoba kifuani, akitazama juu. Mimi sipendi kutazamwa nikifanya kazi.

"Mama, mavumbi itakuangukia," nilimwambia.

"Iache iangukie. Ile kazi ni ya bwana yangu."

Nikageuka nusura nianguke.

"Tshibangu," alisema. "Alikuwaka anachonga na kushoto. Mu Kolwezi muzima, fundi wa kushoto alikuwaka ye moja tu."

Nilishuka. Tukaketi kwenye benchi la nyuma, na hapo ndipo aliponiambia kwamba anaitwa Ernestine, kwamba ni mtu wa asili ya Kasai, jimbo jingine, aliyezaliwa hapahapa Kolwezi, na kwamba amerudi majuzi tu kwa sababu mwanawe Kanku alipata kazi Fungurume. Aliondoka kwa train ya 1993. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Mwaka ule nilikuwa bado naenda shule. Migodi ilikuwa imeanguka, mishahara imekatika, na wakubwa wakawaambia watu kwamba wanaokula chakula chao ni Wakasai. Wakawaita bilulu, yaani wadudu. Jirani zetu walifukuzwa majumbani, wakabeba milango na mabati vichwani, wakalala miezi kwenye gare wakisubiri train ya kuwapeleka Kasai. Dawati la pembeni yangu lilibaki tupu. Rafiki yangu aliyeliketia sijamwona tena, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Mama Ernestine alikaa gare na watoto. Mumewe alikuwa akilitengeneza paa la sakristia, lililong'olewa na upepo, na padri wa wakati ule aliwapa chakula. Siku moja Tshibangu akatoka tena kwenda porini, njia ya Lubudi, kuongeza mbao. Hakurudi. Aliyeleta habari ni Abibu, mwenye kamyo, lori lililombebea mbao siku zote. Alisema vijana walimkamata Tshibangu njiani wakamuua. Siku hiyohiyo train ikaondoka, na Ernestine akapanda kwenda Mbuji-Mayi akilia.

"Nilimulilia vizuri," alisema. "Nilinyoa nywele. Bamama ya Mbuji-Mayi balinikalisha chini miezi mingi. Kisha nikaolewa na Kalenga, mutu muzuri, Mungu amupumuzishe. Mais lakini tangu nirudi, kuko mama moja ku soko anasema alimuona Tshibangu hapa, wakati batu yetu balikuwa balishaenda bote. Mi nilicheka. Usiku usingizi ikakatala."

"Na leo umeona paa."

"Leo nimeona mapaa imeisha. Niambie, mwana. Kama iliisha mbele ya train, basi alikufa vile balinielezea. Kama iliisha nyuma, alikuwa muzima, na mi aliniacha juu ya mizigo na batoto. Unaweza kujua?"

Nilimwambia naweza. Lo, jinsi nilivyolisema neno hilo kwa raha!

Nilifanya kazi ile nyumbani kwa dada yangu, kwa wembe, msasa na hadubini ya kuazima chuoni. Tshibangu alikuwa fundi safi mno kwa faida yangu. Karibu kila boriti alikuwa ameichonga mpaka kwenye kiini chekundu, akautupa ule mti mweupe wa nje ambao wadudu huupenda, na pamoja nao pete za mwisho. Boriti moja tu, iliyolala gizani juu ya ukuta wa nyuma, ilibaki na gome ubavuni. Pete yake ya mwisho ilikuwa kamili, na mwaka wake haukuwa na ubishi: mti ule ulikoma kukua kiangazi cha 1992. Nyingine zote zilikubaliana nayo kwa kadiri zilivyoweza.

Nikaenda kwa Mama Ernestine mbiombio. Nilimkuta barazani akichambua maharage.

"Mama, miti yote ilikufa kiangazi ya tisini na mbili," nilimwambia. "Mwaka muzima mbele ya train. Mbao alikuwa nazo tayari, zimekauka. Aliezeka na hizo, akamaliza. Zile alizoenda kutafuta tena, hazikufika. Balikuambia kweli."

Aliniangalia kwanza, kisha akaweka ungo chini.

"Basi hakunikimbia."

"Hakukukimbia, Mama."

Akacheka, akafuta macho kwa pembe ya liputa alilojifunga, akacheka tena. Hakuniruhusu kuondoka bila karanga za kukaanga. Jumapili aliomba misa kwa ajili ya roho ya Tshibangu, na Abbé akalitaja jina lile altareni kwa mara ya kwanza tangu watu wafukuzwe. Nilikaa benchi la mbele kichwa kimevimba. Angalau mara moja katika maisha yangu, pete za miti zilikuwa zimemfaa mtu aliye hai.

Wiki iliyofuata waashi walianza kubomoa ukuta wa nyuma ili waujenge upya. Walipotoa matofali, mwisho wa ile boriti yenye gome ukatokeza. Kwa kawaida fundi huukata mwisho wa chini wa gogo akautupa. Hii ilikuwa fupi, akaitumia yote. Na pale, katika sehemu iliyofichwa na matofali miaka yote, niliona mfereji wa shoka umelizunguka shina lote, kingo zake nyeusi na kavu.

Nilikaa chini palepale kwenye kifusi.

Mafundi wa huku hawaangushi mulombwa ungali mbichi. Gogo bichi ni zito, hakuna wa kulitoa porini. Fundi huuchuna mti gome kuuzunguka pande zote, akauacha ufe umesimama, ukauke hukohuko. Fundi mwenye akiba huwa na miti yake msituni inayomsubiri, na wenzake wakiuona mfereji wa shoka hawaigusi, maana ina mwenyewe. Huirudia mwaka unaofuata, au wa pili, akaiangusha ikiwa nyepesi. Hata babu yangu mzaa mama alifanya hivyo. Sikufundishwa na mtu jana. Niliyajua haya tangu utoto, na sikuyakumbuka kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwa mtu mwema.

Kwa hiyo 1992 ulikuwa mwaka Tshibangu alipoichuna miti yake. Ni lini aliiangusha, pete zile haziwezi kujua. Mti uliokwisha kufa hauandiki kitu.

Nilitafuta kitu kingine kwenye ukuta ule kwa moyo mzito, nikiomba nisikipate. Nikakipata. Chini ya boriti, ili ikae sawa juu ya ukuta, fundi alikuwa amesukuma kabari. Aliichonga kutoka tawi la mulombwa, gome likiwa bado juu yake, na ilikuwa mbichi alipoiingiza, maana ilipokauka ilijipinda ikashikamana na tofali. Tawi lile halikuchunwa wala kusubirishwa. Lilikatwa siku ileile, au jana yake, na mtu aliyekuwa anamalizia kazi.

Halikuwa na pete nyingi, lakini zilikuwamo zile nyembamba za ukame ninazozijua kama sura za ndugu zangu, zikifuatana vilevile. Baada yake pete ya 1993. Baada yake ya 1994, nzima. Kisha, chini ya gome, mwanzo mdogo wa pete mpya. Tawi lile lilikatwa mvua za mwisho wa 1994 zilipokuwa zimeanza. Train ya Mama Ernestine ilikuwa imeondoka mwaka mmoja na zaidi.

Nilimweleza Abbé. Alisikiliza vizuri, kisha akaweka mkono begani mwangu.

"Uyu mama sasa analala," alisema. "Umuache alale. Ni nani alikuomba kabari?"

Kwa kweli hakuna aliyeniomba kabari. Nilimwambia sawa, Abbé, na nilipokuwa nasema sawa nilijua kwamba sitaweza. Angeniuliza mtu mwingine, ningenyamaza. Mama huyu aliniuliza kwa mdomo wake kama naweza kujua, na nikamjibu naweza.

Safari hii nilikwenda polepole. Nilimweleza habari ya mfereji, akaitikia kwa kichwa; mke wa fundi hahitaji kuelezwa mara mbili. Nilimweleza habari ya kabari. Nikamwomba msamaha kwa haraka yangu. Sikujua niweke wapi macho.

"Mvua ya mwaka gani, umesema?"

"Ya tisini na nne, Mama. Mwisho wa mwaka."

"Mi niliolewa tisini na nne, mwezi ya nane," alisema.

Kuku wa jirani alipita uani. Mama Ernestine alimtazama mpaka akatoweka.

"Nilikuwa ninafunga ndoa, na ye eko muzima, juu ya ngazi. Basi alinikimbia." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kelele. "Njo vile. Aliona batoto ni muzigo."

"Mama, hatujui."

"Abibu anajua. Ni ye njo alinielezea kama alikufa. Eko wapi Abibu?"

Nilimjua, kila mtu anamjua Tata Abibu. Kamyo ilikwisha kufa zamani, na sasa anauza mchele na sukari karibu na soko, na mkewe Aicha ndiye anayepima kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Mama Ernestine alijifunga kitambaa cha kichwa upya, akavaa viatu vya misa, tukaenda.

Tata Abibu alikuwa ameketi kwenye gunia, tasbihi mkononi.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni mi, Mama Kanku. Mwenye uliambia bwana yake alikufa."

Tasbihi ilisimama. Aicha akaacha kupima, akatuletea viti. Mama Ernestine hakukaa.

"Uyu mutoto anasoma mbao," alisema, akinionyesha. "Mbao zinasema Tshibangu alikuwa muzima mwaka ya kufuata. Abibu, uniambie kweli. Alikuwa na bibi mwingine?"

"Bibi?" Mzee alishtuka kwelikweli. "Hapana! Mama Kanku, hapana."

Akatafuta mahali pa kuanzia, akapangusapangusa magoti yake.

"Ile siku ku gare, unakumbuka? Batu bote balikuwa banapanda, we umekaa juu ya mizigo. Unasema bila Tshibangu haupande. Na bale bavijana balikuwa banakuya na mapanga, banapita nyumba na nyumba. Mi nikaenda na kamyo kumutafuta. Barabara iko na barrière, banatoboa hata magunia. Ye alikuwa mu pori kwa bachoma makaa, amejificha. Singeweza kumupitisha. Nikamuelezea vile umekatala kupanda."

"Akasema nini?"

"Alifikiri kidogo tu. Akasema: umuambie nimekufa. Atapanda."

Nje mtu alikuwa akibishana juu ya bei ya samaki.

"Ni ye njo alisema?" aliuliza Mama Ernestine.

"Ni ye. Mi nilikuya mbio nikakuambia, na ulipanda. Alikuwa akufuate, mama. Baadaye bachoma makaa balimurudisha, Padri akamuficha ku kanisa. Alisema, nimalize mapaa, Padri anitafutie nafasi mu train. Mais train ikawa shida, ile miti yake ilikuwa mbali, tulileta moja moja. Mvua ya pili inaanza, ile kazi karibu kuisha, njo mutu ya reli akatoka Mbuji-Mayi na salamu. Akasema ulishaolewa, batoto bako muzuri. Nikamuambia Tshibangu, twende, utamuelezea mwenyewe. Akakatala. Akasema, Abibu, mi nimeshakufa. Nikifufuka nitamuharibia nyumba. Akapanda ngazi, akamaliza."

"Kisha?"

"Akaenda kukaa Lubudi. Mwaka ya kufuata homa ikamukamata. Nilifika akiwa bado anasema. Nilimuzika mi, na batu ya kanisa yenu ya kule. Msalaba iko. Nilitaka kutuma habari, mama, nikajiuliza nitatuma nini. Kwako alikuwa maiti tayari."

Mama Ernestine alisimama, mkono juu ya mizani ya Aicha. Nilidhani atamshukuru mzee, au atamtukana. Alichosema alimwambia mtu asiyekuwapo.

"Angeniuliza," alisema. "Ningekatala, mais angeniuliza. Anaamua ye moja tu, kufa kwake na kuishi kwangu!" Hapo sauti ilimvunjika. "Nilimulilia. Nilinyoa nywele. Nilikaa chini miezi. Kumbe nililia mutu muzima. Ule mwenye alikufa kule Lubudi, na homa, ye bado siyamulilia. Hata siku moja."

Akafungua kitambaa cha kichwa, akakiweka juu ya gunia la mchele. Nywele zake zilikuwa za mvi karibu zote. Akavua viatu. Akajishusha taratibu mpaka sakafuni, katikati ya magunia, akanyoosha miguu kama mama anavyokaa kwenye matanga ya mumewe, na akaanza kulia, kwanza kwa sauti ndogo, akimwita kwa Kiluba majina ambayo sikuwahi kuyasikia.

Aicha alivuta mlango wa duka, akafungua mtandio wake, akaketi chini kushoto kwake. Mimi nikaketi kulia. Tata Abibu alivua kofia akainamisha uso, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Baadaye mteja aligonga, akitaka sukari. Aicha akamjibu kutoka chini, bila kuinuka, kwamba duka limefungwa, kuna kilio.

"Pole, mama," sauti ya nje ilisema. "Ni nani alikufa?"

"Bwana ya uyu mama."

"Ah, pole sana. Alikufa lini?"

Aicha alimtazama mumewe, kisha akamtazama Mama Ernestine.

"Leo," alisema.